Eda ya Kaskazi

Lukozi, Lushoto
13 Novemba 2022

Dada Kijakazi, shikamoo.

Nimefika, wiki ya pili sasa, mguu mmoja ukiwa huku na roho ikiwa bado huko kwenye mkeka wa matanga. Abbasi mume wangu kanipokea kwa kuniuliza kama nimemletea samaki. Mtu anatoka kuzika, yeye anauliza samaki! Nilimtazama tu mpaka akaona haya, ndipo akakumbuka kutoa pole. Anasema marehemu mumeo Abdulkadiri alikuwa mtu wa kumwambia neno likakaa kwake, lisitoke. Watoto wazima. Mbuzi kazaa. Kabichi nusu shamba zimeliwa na wadudu, na baridi ya hapa unaijua, haijali kama ni Novemba.

Unaniona naandika kwa mkono kama tuko shule ya msingi. Ni wifi yako Ummy huyo. Nimempigia nikamwambia nipe dada yangu niongee naye, akasema mwenye eda hashiki simu, je akipiga mwanamume? Nikamwambia, Ummy, mimi na sauti hii ni mwanamume? Akakata. Basi nimempata Robert, dereva wa fuso linalobeba mboga zetu kushusha Buguruni. Amekubali kupitisha barua pale kwako akishamaliza kushusha. Mkristo wa watu, mstaarabu, hatapanda juu. Atamkabidhi mtu mlangoni.

Dada, nina moja linanikaa kooni. Kile chumba. Katika zile siku za matanga nilikuwa naoga, na kabla sijajifuta nimeshalowa jasho upya. Ulipoolewa pale, upepo wa bahari ulikuwa unaingia ukumbini ukatokea jikoni, tukawa tunashikilia mapazia. Sasa umekwenda wapi? Na huu ni mwanzo tu, kaskazi yenyewe haijaingia. Miezi minne na siku kumi za eda ndani ya kile chumba, utazimalizaje? Na nani anakaa nawe? Usiniambie uko peke yako.

Karoti na viazi hivyo ni vya shambani kwangu, usimgawie Ummy.

Mdogo wako,
Zamda


Mchafukoge, Dar es Salaam
27 Novemba 2022

Zamda, marahaba.

Karoti zimefika, na Ummy nimemgawia, ili ujue mimi ndiye mkubwa. Sijambo kwa kiasi cha mtu aliyefiwa. Nasali, nalala, naamka, nasali. Nguo nyeupe hizi nimezizoea. Mwambie Abbasi pole yake nimeipokea, na samaki nitamletea mwenyewe nikitoka.

Sipo peke yangu. Mwanangu Najma kaja kutoka kwake Chanika, kaja na begi lake na mto wake, anasema hatoki mpaka nitoke. Na nikupe habari ambayo kwenye matanga hatukuisema kwa kuogopa macho ya watu: ana mimba. Imeingia mwezi wa tano. Baada ya miaka yote ile ya kungoja, Zamda, mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kuuliza! Abdulkadiri alikufa akijua. Hilo ndilo linanifanya niweze kumeza chakula. Uledi mumewe kabaki Chanika na kuku wake na miti yake, anakuja Ijumaa.

Umeuliza upepo umekwenda wapi. Umezibwa. Lile ghorofa jipya la mbele limelifikia dirisha langu na kulipita. Mafundi wako juu ya majukwaa ya mbao, karibu kiasi kwamba tungeweza kuombana chumvi. Sasa mimi niko eda, nakaa kichwa wazi chumbani kwangu, wanaume ishirini wananitazama? Nimemwambia Najma alete seremala. Kagongomea mbao dirisha zima. Dirisha la nyuma nalo linatazamana na viyoyozi vya maduka ya chini, vile vidude vinavyopoza dukani vikatutemea sisi moto. Ukilifungua ni kama umefungua oveni. Kwa hiyo nalo tumelifunga. Feni ipo, umeme ukiwepo.

Vuli hii nayo ni ya kubipu. Inanyesha kidogo, inakata. Zamani mvua ikinyesha tulikuwa tunashusha pumzi. Sasa hivi maji yakigusa lami na mabati, mvuke unapanda mpaka huku juu, jasho haliendi popote, linakaa tu juu ya ngozi. Lakini ni eda, siyo harusi. Nani alisema ni raha?

Dada yako,
Kijakazi


Lukozi, Lushoto
18 Disemba 2022

Dada, shikamoo, na hongera! Nimepiga kigelegele jikoni peke yangu hadi mbwa wa jirani kabweka. Najma huyu huyu, niliyekuwa nampakata! Mwambie shangazi, la, mama mdogo wake anamshonea shuka za mtoto, za baridi, maana ataletwa huku anione.

Huku plamu zimeiva, tunachuma kutwa. Abbasi kaanguka kwenye ngazi lakini kaanguka vizuri. Nimekutumia tenga dogo, na peasi chache za Najma, mwenye mimba hupenda vya uchachu.

Sasa nisikilize, na usinune. Nimekwenda kwa Sheikh Abdulmajid wa msikiti wetu, nikamweleza yote. Mbao dirishani, viyoyozi, ghorofa la mbele. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, "Nani amemwamrisha kugongomea dirisha?" Anasema mfiwa hukaa nyumbani kwa mumewe, ndiyo, lakini pakiwa na madhara anahama, tena bila dhambi, anakwenda kumalizia eda mahali pa salama. Nimemuuliza mara mbili ili nisije nikasema uongo. Pazia linatosha, anasema, na ushungi unatosha.

Basi kwa nini usiende Chanika kwa Najma? Si nyumba ya mwanao hiyo? Ni mji huo huo wa Dar, hujavuka bahari. Kuna miembe, kuna udongo unaopoa jua likizama. Mtakaa wawili, mtapumua. Au njooni huku wote wawili, nitawalaza karibu na jiko.

Ningekuja mwenyewe kukaa nawe ili Najma akapumzike kwake, lakini goti hili, dada, limenikalia vibaya. Kushuka milima mpaka Mombo ni shughuli.

Jibu upesi.

Zamda


Mchafukoge, Dar es Salaam
8 Januari 2023

Zamda, marahaba. Heri ya mwaka mpya kwa wanaoushangilia. Pole na goti. Plamu zimefika, nusu zimepondeka, Najma kazila zote zilizopondeka kwa kijiko. Ana hamu mbaya huyu.

Mshukuru sheikh wako. Mwambie mimi sikusoma sana lakini najua ninachotaka. Abdulkadiri hakuwahi kunipandishia sauti maisha yetu yote. Nilipokuwa sizai, kabla ya Najma, ndugu zake walimletea mke mwingine mpaka mlangoni, akawaambia mlango huu una mke tayari. Mtu huyo nimeshindwa kufa badala yake, nishindwe na kumkalia eda nyumbani kwake? Na Ummy ni dada yake. Juzi alikuwa hapa anasimulia yule mjane wa mtaa wa pili aliyehamia kwa mwanawe kabla hajamaliza, watu wanavyosema alikuwa na haraka gani. Alikuwa ananiambia mimi, ila alikuwa anamtazama paka.

Kaskazi imeingia, hilo sikufichi. Mchana si neno, mchana ni joto la kila mtu. Tabu ni jua likishazama. Wewe unadhani limekwenda, kumbe limeingia ukutani. Ukuta unakaa nalo, unalitoa taratibu mpaka alfajiri. Kitanda cha moto, sakafu ya moto, maji ya bomba ya moto kama ya kuogea mzazi. Majirani wanapandisha mikeka juu ya dari wakalale huko wapate hewa. Mimi na eda yangu siwezi kwenda kulala katikati ya waume za watu, na Najma hataki kuniacha.

Uledi kaja Ijumaa. Unamjua, mkwe wangu huyo mpole hata kusalimia anasalimia kwa kunong'ona. Kakaa ukumbini, mimi niko nyuma ya pazia. Kasema, "Mama, samahani. Kwetu Chanika alfajiri tunatafuta shuka. Nimegusa ukuta wenu hapa na asubuhi hii bado una moto. Naomba Najma arudi nyumbani kidogo." Nikamwambia kama Chanika imekuwa Ulaya hongera zake. Akasema, "Ndiyo, mama." Akaacha mayai, akaenda.

Najma miguu imevimba kidogo, mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Nami nilivimba. Mwenyewe hataki kuondoka, nimemuuliza.

Dada yako,
Kijakazi


Lukozi, Lushoto
29 Januari 2023

Dada,

Shikamoo. Huku wazima, salamu zao, habari za shamba nitakupa siku nyingine.

Umemuuliza Najma? Umemuuliza vipi? Ulimwambia, "Mwanangu, unataka kuniacha peke yangu na maiti ya baba yako haijapoa?" Halafu akasema hapana, ukafurahi? Mimi ndiye niliyekua nawe, Kijakazi. Najua unavyouliza.

Robert kaniambia. Kasema alipoleta plamu, Najma alishuka kumpokea akashindwa kupanda. Alikaa kwenye ngazi, mkono ukutani, kichwa kimeinama, jasho likidondoka kwenye tenga. Mtu baki ndiye anayenipa habari za mtoto wa dada yangu! Nimekwenda kwa mama Clotilda, mkunga wetu hapa, mzee, kazalisha mlima mzima. Nikamwambia ana miezi saba, miguu imevimba, analala chumba hakina dirisha huko Dar. Hakucheka. Kasema mwenye mimba ana moto wake wa ndani, na mtoto hana pengine pa kupoa isipokuwa mwili wa mama yake. Akasema atoke leo.

Kaa eda yako. Gongomea na mlango ukitaka. Ukitaka kufa kwa ajili ya Abdulkadiri, mimi siwezi kukushika mkono. Lakini Najma hana eda! Baba ni wake lakini eda siyo yake! Mrudishe kwake. Ni mji huo huo, dada, ni mwendo wa asubuhi moja, mumewe anamngoja na chumba kina madirisha mawili. Mtafute Ummy mwenyewe akae nawe, si ndiye anajua sheria?

Mimi ningekuja, wallahi ningekuja, ila goti halijakubali na plamu za mwisho ziko mtini.

Kama nimekukosea heshima, wewe mkubwa, utanisamehe. Nikinyamaza sitajisamehe.

Zamda


Mchafukoge
12 Februari 2023

Zamda,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara moja, nimeikunja.

Sote wazima. Najma anakusalimu. Sasa hivi amelala sakafuni, amejifunika khanga mbichi, tunailowesha kwenye beseni kila ikikauka. Anasema sakafuni kuna afadhali. Sitaki kumwamsha.

Ummy siwezi kukaa naye chumba kimoja, utazika wawili. Zimebaki siku chache tu. Tumefika mbali mno kurudi nyuma. Eda ikiisha nampeleka Najma Chanika kwa mkono wangu mwenyewe, nikae naye mpaka ajifungue, nimkande, nimpikie uji wa pilipili manga. Nimeshamwambia, na kafurahi.

Tafadhali usiandike tena mambo ya mkunga wako. Ananisomea Najma barua, macho yangu usiku hayaoni.

Kijakazi


Lukozi, Lushoto
5 Machi 2023

Dada yangu, dada yangu Kijakazi,

Uledi kanipigia. Kasema, "Mama mdogo, mtoto amezaliwa hayuko hai," halafu nikamsikia anaweka simu chini. Nilikuwa barabarani. Nimekaa pale pale kwenye majani.

Innalillahi. Sikuambii nilikwambia, Mungu anione, sitalisema hilo maisha yangu yote. Abbasi kalia, Abbasi yule asiyelia.

Niambie Najma yukoje. Anakula? Maziwa yamekuja? Mfungeni kifua kwa khanga, masikini, maziwa yakija bila mtoto yanaumiza kuliko uchungu wenyewe. Na wewe, wewe hali gani? Nadhani eda imekwisha siku hizi hizi. Nakupigia hupatikani.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Hospitali alikuwa na nani? Nilimuuliza Uledi aliponipigia tena, akasema wanaume hawaruhusiwi leba. Wewe ulikuwa naye? Niambie ulikuwa naye nipate usingizi.

Zamda


Mchafukoge, Dar es Salaam
26 Machi 2023

Zamda, mdogo wangu,

Tuko kwenye mfungo, siku za mwanzo. Nimefuturu kwa tende na maji, ndiyo naandika. Simu nimerudishiwa, ila sijaiwasha. Nikiiwasha watanipigia, na kila anayepiga atataka kusimuliwa.

Eda nimeitoka. Walikuja wanawake, wakaniogesha, Ummy akaleta udi na khanga mpya, wakanivua nguo nyeupe. Wakasema hongera, umemkalia mumeo vizuri, wajane wa siku hizi hawawezi. Nilikuwa nawatazama midomo.

Nitakueleza ilivyokuwa, mara moja, usiniulize tena. Najma aliamka akasema, "Mama, mtoto tangu jana hachezi." Nikamwambia, "Na yeye amechoka na joto, amelala. Kunywa maji ya baridi, atashtuka." Kanywa. Akaniamini, Zamda. Alikaa anashika tumbo, ananitazama, mimi namwambia subiri, subiri atacheza. Tulisubiri mpaka alasiri. Uledi alipokuja, ilikuwa Jumatatu, siyo hata siku yake, sijui nani alimwambia moyoni, alimtazama mkewe mara moja tu, akambeba mwenyewe ngazi zote zile mpaka chini. Hakuniaga. Ni mara yake ya kwanza kutoniaga.

Alikuwa wa kiume. Uledi kampa jina Abdulkadiri, akamzika Chanika chini ya miti. Daktari kasema hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nini. Mwingine, nesi mtu mzima, aliuliza analala wapi, akaambiwa, akatikisa kichwa. Kasema kila kaskazi wanaletwa wengi zaidi wa namna hiyo kutoka huku katikati ya mji kuliko wa pembezoni.

Najma yuko kwake. Maziwa yalikuja. Walimfunga.

Mvua zimeanza. Masika ya kweli, siyo ya kubipu. Nimemwambia seremala atoe zile mbao, mafundi wa mbele walishamaliza hata ukuta, hakuna wa kunitazama. Kumepoa. Uledi alipita kuchukua begi la Najma na ule mto, nikamuuliza Chanika kukoje, akajibu kwamba mvua hizi zikinyesha huku na kule ni hali moja.

Dada yako,
Kijakazi


Lukozi, Lushoto
18 Juni 2023

Dada, shikamoo.

Barua tatu nimekutumia tangu Idi, hujajibu hata moja. Robert anasema anaziacha kwa muuza vitenge wa chini, naye anasema amekupa. Basi umezisoma, umenyamaza. Nimekubali.

Huku baridi kali, asubuhi majani meupe. Kabichi zimependeza. Abbasi kaota ndoto ya samaki. Watoto wanakuuliza.

Nimempigia Najma. Anapokea vizuri tu, shikamoo mama mdogo, tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Nikitaja jina lako anasema mama hajambo. Hazidishi neno. Dada, kuna kitu kati yenu, na wala siyo msiba peke yake. Sitauliza mara ya tatu lile swali nililokuuliza, lakini lingali hapo.

Nimeamua nije. Goti sasa limepona, namshukuru Mungu. Kipupwe kimeingia, huko nasikia mji umetulia, mtu anaweza kulala. Nitakuja na Robert, nitakaa mbele ya fuso kama bibi harusi. Nikae nawe mwezi mzima, tufungue madirisha, twende Chanika pamoja tukamwone Najma, tuongee, tulie, yaishe. Ukubwa jalala, dada, wewe meza tu, mengine tutayabeba wawili.

Niambie siku.

Zamda


Mchafukoge, Dar es Salaam
9 Julai 2023

Zamda, marahaba.

Nimezipata zote. Shuka za mtoto ulizoshona nazo nimezipata, zile ulizotuma Februari. Zilifika baada ya maziko. Nimempa Ummy, sijui kampa nani.

Unataka jibu. Haya. Sikuwa naye.

Nesi alipiga simu ya Ummy kutoka leba. Ummy akaja mbio mpaka chumbani, akaniwekea sauti ya juu. Najma alikuwa anaita. Hakusema maneno mengi, alikuwa anasema, "Mama njoo. Mama njoo." Nikamwambia, "Mwanangu, nina eda." Ummy, Zamda! Ummy huyo huyo wa simu na wajane wa mtaa wa pili, alinishika mkono, akasema, "Wifi, nenda, ni dharura, Mungu anajua, nenda nitakuvusha barabara mimi." Alikuwa analia. Kaleta mpaka viatu vyangu. Nikasema, nina eda. Nikakaa kitandani. Ummy akaenda yeye. Ummy ndiye aliyemshika mkono mwanangu.

Haikuwa eda. Sheikh wako alishasema, nami nilishamwelewa siku nyingi. Niliogopa kumwona mtoto. Tangu asubuhi ile aliponiambia hachezi, nilikuwa nimeshajua, na nikamwambia anywe maji. Nikienda ningemkuta Najma ananitazama kwa macho yale yale. Basi nikajificha nyuma ya mume wangu marehemu.

Na kabla ya hapo, hata kumzuia humu ndani haikuwa eda. Nilikuwa naogopa kulala peke yangu kwenye kitanda kile. Ni hilo tu. Mtu mzima wa miaka yangu! Mtu akikuuliza jambo gani lilimuua mjukuu wa Kijakazi, mwambie joto, maana joto ni kweli, lakini aliyefunga mlango lilipokuwa ndani ni mimi.

Najma anakuja kila Ijumaa. Hajaacha hata moja. Anasema shikamoo, anafagia, ananipikia, ananikunjia nguo. Ukumbini anaingia, chumbani haingii. Nikimpa maji anasema asante mama, anayaweka chini hayanywi. Hajanitukana, hajaniuliza. Angenipiga ningemshukuru. Juzi nilianza kusema, "Najma mwanangu, siku ile," akasema kwa upole kabisa, "Mama, wali utaungua," akaenda jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kipupwe kimeingia, ndiyo. Uledi anamleta Najma hajavua sweta, huko Chanika wanalala na mablanketi mawili. Akifika huku mtaani kwetu analivua chini kwenye ngazi. Usiku, wenzetu wa pembezoni wakitetemeka, ukuta wangu bado unatoa vuguvugu lake. Siyo la kuua mtu, hata linapendeza. Nalala nimeuegemea. Wageni wote wanausifu mji sasa hivi. Umepoa, wanasema, Bongo tamu.

Kuhusu kuja kwako. Zamda, goti lako halijawahi kuuma. Robert si mtu wa uongo. Aliponiletea plamu za Januari, Najma alimuuliza mama mdogo goti linaendeleaje, akashangaa, akasema mbona alinipandishia tenga kichwani mpaka barabarani. Alipofika juu akanisimulia. Najma alisema, "Basi nitabaki mimi, mama." Ndivyo alivyosema. Alikuwa ameshafunga begi lake siku hiyo, Uledi alikuwa anakuja kumchukua. Akalifungua.

Sikukuambia. Nilitaka uje bila kuombwa. Na wewe sijui ulikuwa unataka uombwe, au ulikuwa unaliogopa joto letu tu, kama ulivyolikimbia siku ya tatu ya matanga. Siwezi kukulaumu, nimekosa pa kuanzia kumlaumu mtu. Usiniletee methali za majuto, mdogo wangu, hiyo ya mjukuu hasa sitaki kuisikia. Na uandike ukitaka, nitasoma.

Lakini usije. Kila mtu anakuja kipupwe. Mimi nilikutaka Januari.

Dada yako,
Kijakazi